Wapeni Chai Kwanza

Nianze na chai, maana hasira yangu yote ilianzia kwenye chai.

Baba yangu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo cha serikali, huko bara, katika mji ambao bila kile kiwanda usingekuwapo. Nyumba tuliyokaa ilikuwa kota ya kiwanda. Nilizaliwa katika zahanati ya kiwanda, nikachapwa viboko katika shule ya kiwanda, na timu ya mpira niliyoililia utotoni ilivaa jezi za kiwanda. Maji yalitoka kwenye tangi la kiwanda. Hata saa hatukuwa nayo ndani. King'ora cha mchana kikilia ndipo mama anaepua ugali. Siku hizo kila mtu alikuwa Ndugu. Ndugu Dereva, Ndugu Mpishi, na juu yao wote Ndugu Meneja.

Huyo Ndugu Meneja alikuwa na sauti laini kama mtu anayembembeleza mtoto. Wafanyakazi wakimwendea na malalamiko, labda mashine imemkata mwenzao vidole, labda zahanati haina dawa, hakuwafukuza hata siku moja. Alichungulia dirishani, akawaambia watu wake: "Wapeni chai kwanza." Inaletwa chai ya maziwa, tangawizi imekolea, na andazi juu. Baba na wenzake wanakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Sasa nani atakataa chai? Kwetu ukikataa cha mwenyeji umemtukana, na ukibakiza umemsema mpishi. Basi wanakunywa. Wanaongezewa, wanakunywa. King'ora cha jioni kinalia, ofisi inafungwa, na Ndugu Meneja ameshatokea mlango wa nyuma zamani.

Mama alikuwa akimsubiri baba mlangoni. "Haya, leo mmejibiwa nini?"

"Tumekaribishwa vizuri," baba anasema.

Mama alikuwa anasonya sonyo refu mpaka kuku wanainua vichwa. Amekufa bila kumsamehe yule mtu, Mungu amrehemu, na mimi nimeurithi moyo wake wote, sijapunguza hata chembe.

Baadaye upepo ukageuka. Tukaambiwa mambo ya ujamaa yamekwisha, viwanda vinabinafsishwa, chetu nacho kimepata mwekezaji. Watu wakaoga, wakavaa nguo za Idi, wakajipanga getini kumpokea Mzungu. Gari likafika, mlango ukafunguliwa, nani huyo? Ndugu Meneja! Amevua ile suti ya mikono mifupi aliyokuwa akiivaa kwenye mikutano ya Chama, amevaa tai. Wallahi nakumbuka watu walipiga makofi, kwa sababu walishainua mikono na hawakujua waifanyie nini.

Mashine ziling'olewa zikauzwa chuma chakavu. King'ora kikanyamaza, mama akawa anaepua ugali kwa kukisia. Lakini kota hakuzigusa, na sisi wajinga tukadhani ni huruma. Kumbe alichonunua ni sisi. Tangi la maji lilikuwa lake, zahanati yake, uwanja wa mpira wake, hata njia ya kwenda makaburini ilipita kwenye geti lake. Uchaguzi ukikaribia, maji yanatoka usiku na mchana mpaka watoto wanacheza nayo. Ukishapita, bomba linakauka. Nani angempigia mwingine kura? Akawa mbunge, akaacha kuwa Ndugu, akawa Mheshimiwa. Aliyesahau akamwita Ndugu kwenye mkutano alirekebishwa mbele za watu.

Kwa miaka mingi niliamini balaa hili limetupata sisi peke yetu. Nilikuja kuzinduka Doha.

Nilifika Doha katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kidogo, nikaanza kwa ulinzi, nikaishia hotelini. Tulipanga wengi chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la cherehani. Pasi yangu aliishika kafili, yaani tajiri aliyenidhamini, kazi kubadilisha ni mpaka kafili apende, kwenda nyumbani ni mpaka kafili aridhie. Wenzangu walilia wiki za mwanzo. Mimi nililala fofofo. Niliona ni kota tu, tofauti yake ina kiyoyozi.

Pale hotelini kulikuwa na dada mmoja wa Kirgizistani, fundi wa sare. Alikuwa na mdomo mchafu kwa lugha tatu, na ndiyo maana tulipatana. Kiarabu chake kibovu, Kiingereza changu kibovu, basi tukaelewana vizuri sana. Siku moja ananipunguzia kanzu, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamweleza: mji wa kiwanda cha nguo. Akaitoa sindano mdomoni.

"Hata kwetu," akasema. "Kiwanda cha nyuzi za sufu."

Tukaanza kulinganisha. Kwao nao walikuwa wakiitana neno kama letu la Ndugu. Kwao nao nyumba, shule, joto la majira ya baridi, vyote vilitoka kiwandani. Ukomunisti wao ulipoanguka, kila mtu akagawiwa karatasi kwamba ana sehemu yake katika mali ya nchi. Baba yake akaibadilisha ya kwake kwa mfuko wa unga, maana karatasi hailiki. Aliyekuwa akigawa unga ni mkurugenzi wa kiwanda.

"Sasa ni nani huyo mkurugenzi?" nikauliza, ingawa jibu nilishalijua.

"Gavana," akasema. "Mwanawe mkuu wa polisi. Mabomba ya joto yanaanzia kiwandani kwake. Ukiandamana Oktoba, Januari unaganda."

Lo! Nilicheka mpaka nikachomwa na pini. Nilicheka kwa uchungu, lakini nilicheka. Nchi mbili ambazo hazijawahi hata kusalimiana, zimepikwa kwenye sufuria moja! Wanaochambua siasa kwenye redio wanapenda kusema watu wetu hawajazoea demokrasia, eti wana hulka ya kunyenyekea wakubwa. Hulka? Mfungie mtu yeyote bomba la maji halafu umwekee sanduku la kura mbele yake, tuione hiyo hulka yake.

"Ukikutana naye utamfanya nini?" nilimuuliza yule dada.

Akanionyesha kwa mkasi. Siwezi kuliandika hapa.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshahamishiwa kwenye kahawa. Hoteli ilikuwa na chumba cha majlisi, mazulia na mito kuzunguka ukuta, wenyeji wakubwa walikuja kuzungumza biashara pale. Nilivishwa kanzu nyeupe na kizibao cha nyuzi za dhahabu, nikakabidhiwa dalla, lile birika lao lenye mdomo kama wa ndege. Msimamizi wangu, Msudani mkali kama pilipili, alinifundisha mpaka nikaota. Dalla mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Mimina kidogo, tone la kulowesha kitako, kwa sababu ukimjazia mgeni kikombe umemwambia anywe aondoke. Usikae. Usiseme. Mgeni akikurudishia finjani imetulia, mmiminie tena. Akiitikisa kidogo, hivi, ndiyo amesema basi. Finjani isipotikiswa, wewe ni nani uache?

Kitu kingine alinifundisha: wazee wa pale hawagusi biashara mgeni angali anakunywa. Kumkatiza ni aibu. Atikise kwanza, ndipo maneno yaanze.

Baba alinipigia simu siku moja, sauti imekauka. Mheshimiwa alikuwa ameitisha mkutano uwanjani. Kota zinauzwa, ardhi inatakiwa kwa maghala, amepata Mwarabu wa Doha na anakwenda kumalizana naye. Wazee waanze kufunga vitu.

"Si uko huko huko Doha?" baba akasema. "Hebu mwone huyo Mwarabu, umwambie kuna watu ndani."

"Baba, Doha hii unadhani ni kijiji?"

Baba akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naumwa kifua. Alisema haombi nyumba irithiwe na mtoto wala mjukuu, hana haja ya hati. Anaomba tu afie kwenye kitanda chake, ndani ya ukuta alioupaka mama chokaa, halafu wafanye wanavyotaka. Mzee aliyefuma nguo za nusu ya nchi hii, anaomba kitanda! Nilikata simu nikatukana peke yangu barabarani, watu wakanipisha.

Sasa Doha kweli si kijiji, lakini watu wa biashara za namna ile walikuwa na hoteli zao chache, na yetu ilikuwa mojawapo. Alasiri moja mlinzi wa mlangoni, Mkenya, mtu wa utani mwingi, akaja mbio. "Buda, kuna mheshimiwa wa kwenu hapa, amejaa suti. Anaulizia majlisi."

Nilichungulia. Ebo! Nywele zimekuwa nyeupe, tumbo limetangulia, lakini ni yeye. Sauti ile ile laini, anambembeleza mtu wa mapokezi. Nikaenda kuosha dalla ambayo ilikuwa safi.

Mwenyeji wake alikuwa mzee wa mji wa Rayyan, jirani na Doha, mkimya, mkono kwenye tasbihi, anayejua Kiarabu tu. Mwanawe ndiye angetafsiri, na mwanawe alikuwa amekwama barabarani. Miaka ile mji mzima ulikuwa umechimbwa, ukitoka hujui utafika lini. Basi wakakaa wawili wanatabasamiana. Mzee akanipa ishara nilete kahawa.

Nikammiminia mzee, kisha Mheshimiwa. Akanipokea bila kuniangalia, kama wakubwa walivyozoea kupokea. Akaonja, uso ukakunjamana, maana kahawa ya kule ni chungu, ina iliki tupu, na yeye ni mtu wa sukari. Lakini alilelewa vizuri, huwezi kumnyima hilo. Cha mwenyeji hakikataliwi. Akainywa yote, akasema asante kwa Kiingereza, akanirudishia finjani mkono umenyooka, imetulia tuli.

Na mimi nikammiminia.

Mzee alishakunywa zake, akatikisa, amemaliza. Mheshimiwa aliuona ule mtikiso wala hakuutilia maanani. Alidhani ni mkono wa uzee. Akanywa tena, akarudisha. Nikammiminia. Alikuwa anamsubiri mzee aanze maneno. Mzee alikuwa anamsubiri yeye amalize kahawa. Na katikati yao nimesimama mimi, mtoto wa kota, na birika.

Neno moja tu lilitakiwa. Tikisa. Ningeweza kulisema kwa Kiswahili bila mzee kujua. Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, na nililibana kwa meno nikasikia raha mpaka unyayoni. Jamani, nisiwadanganye: raha kama ile sijaipata tena. Sikuwa nafikiria haki wala maghala. Nilikuwa naliona lile benchi. Nilikuwa namwona baba amepakata andazi, anamsubiri mtu ambaye ameshatokea mlango wa nyuma.

Wakati fulani akajaribu akili nyingine. Finjani ikiwa na kahawa, akaiweka mezani bila kunywa. Mzee akashtuka, akakaa wima, tasbihi ikasimama. Mgeni wao akiiweka kahawa chini bila kuigusa, maana yake ana haja nzito, na mwenyeji muungwana humwambia aitaje. Mzee akamwambia kwa Kiarabu, ambacho mimi nilikuwa nimeshakishika pale hotelini, kwa sauti ya heshima: "Taja haja yako." Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, ni kuingia tu! Lakini Mheshimiwa alisikia sauti imekaza, akadhani anakaripiwa kwa kuidharau kahawa. Akaidaka finjani, akainywa kwa pupa, akanirudishia. "Very good," akasema. "Very good."

Nikammiminia kwa adabu zote.

Sikuhesabu. Ninachojua ni kwamba dalla ya kwanza iliisha nikaleta ya pili. Jasho lilimtoka kwenye kola. Akaanza kubana magoti, maana kilichoingia kinataka kutoka, na hakuna mtu anayemwacha mwenyeji wake ameketi akaulizia choo kabla ya neno la kwanza. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Macho yaliniomba kabisa. Nikainamisha yangu, kama nilivyofundishwa.

Kisha adhana ya magharibi ikaita. Mzee akainuka, akashika fimbo yake. Na mwanawe ndiyo anaingia, anahema, anaomba radhi kwa wote wawili. Baba yake akamwambia kwa Kiarabu, bila kupunguza sauti, kwa kuwa mimi kwake nilikuwa fanicha: "Mtu huyu hajui kusema basi. Kahawa imemshinda kuiacha, hiyo ardhi ataiacha? Kesho atataka tena. Mpe zawadi, umsindikize." Wakatoka kwenda kuswali.

Tukabaki wawili. Mheshimiwa hakuwa ameelewa kitu, alidhani watarudi kuanza. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa ile sauti laini, alitakiwa afanye nini.

Nilimnyang'anya finjani kiganjani. Nikaishika mbele ya pua yake, nikaitikisa.

"Hivi tu," nikamwambia kwa Kiswahili. "Hivi tu, Ndugu Meneja."

Mdomo ulimwanguka. "Wewe... wewe ni wa wapi?"

"Wa kota. Baba yangu alikunywa sana chai yako."

Alinitazama, nikaona anajaribu kunitafuta kwenye nyuso za lile benchi na hanipati, kwa sababu hakuwahi kuzitazama. Akakimbilia chooni. Nilimsikia anagonga mlango wa ofisi ya Msudani baadaye, na msimamizi wangu akaniita.

"Anasema umemfanyia ubaya. Umemfanyia nini?"

"Nimempa kahawa."

Msudani akamgeukia. "Alikujazia kikombe? Alikaa? Alizungumza mgeni akinywa?" Kwa kila swali yule bwana alitikisa kichwa. Laiti angeitikisa finjani! "Basi amefanya kazi yake," Msudani akasema, akarudi kwenye faili zake.

Yule dada wa Kirgizistani nilipomhadithia alikaa chini kwenye sare chafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka alipokuwa ameshaacha kucheka. "Gavana wetu hanywi kahawa," akasema.

Baba nilimpigia siku ya pili. Nikamsimulia yote, nikasikia kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu mama azikwe, kinachanganyika na kikohozi. "Ulimpa na andazi?" akauliza.

"Tende, baba. Huku ni tende."

"Sawa sawa. Mgeni asitoke na njaa."

Aliishi kwenye kota yake mpaka masika ya mwaka uliofuata, akafa kitandani kwake, akitazama ule ukuta wa chokaa. Kota walikuja kuzivunja baadaye. Mnunuzi mwingine alipatikana, hao hawakosekani, na maghala leo yamesimama pale tulipokuwa tunacheza. Sikuiangusha serikali ya mtu. Mheshimiwa alishinda tena uchaguzi, na maji yalitoka wiki zile kama kawaida. Lakini baba alitoka mle ndani kwa jeneza, kupitia mlango wake, na hakufunga kitu chochote.

Kafili aliniruhusu nikawahi hitima. Mheshimiwa naye alikuja, si unajua wabunge na misiba. Wakampa kiti cha mbele chini ya turubai, wakamwekea kikombe mkononi. Dada yangu alikuwa anapita na chupa ya chai. Nikamwambia lete, huyu nitamhudumia mwenyewe.

Nikaanza kupita katikati ya mikeka, taratibu, chupa mkono wa kushoto. Aliniona nikiwa mbali. Sikuwa nimefungua kifuniko wala sikuwa nimesema neno, na kikombe chake kilikuwa kitupu, hakijaonja kitu. Mbele ya wafumaji wote wenzake baba yangu, Ndugu Meneja akakinyoosha kile kikombe kitupu, akakitikisa.